Aliyenigonga Ndiye Aliyekuja

Mwaka wa pili baada ya mume wangu kufariki, nilichukua mkopo benki nikanunua gari dogo la kijivu. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya kazi, maana kutoka mtaani kwangu Katuba hadi hospitali nilikokuwa muuguzi ni mbali. Sababu nyingine sikuitaja: nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Watoto wangu wote walikuwa na familia zao mbali, mji wa Kolwezi. Nikiwa na gari, watu walikuwa na sababu ya kunipigia simu. Kila Jumapili nilipeleka wanakwaya watatu kanisani. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti nzito, alikaa mbele na kusogeza kiti nyuma bila kuniuliza. Nililipenda jambo hilo.

Asubuhi moja ya mvua, kwenye barabara ya Ruashi, lori la madini liliacha upande wake likaja upande wangu. Nilivunjika mkono wa kushoto. Gari lilikunjika hadi kiti cha abiria.

Juma la kwanza walikuja wengi kunipa pole. Juma la tatu hakuja mtu. Sikuwalaumu, kila mmoja ana yake. Ila nilianza kula chakula simu ikiwa mezani, karibu na sahani.

Benki haikunisahau. Kila mwisho wa mwezi ilikata mshahara wangu kwa ajili ya gari lililokuwa likiota kutu katika uwanja wa polisi. Bima yangu ilikuwa ile ndogo, ya kuwalipa wale ambao ningewagonga mimi. Ili nirudishiwe chochote, ilibidi bima ya lori ikubali kosa, na mwenye lori alikuwa ameandika kwamba mimi ndiye niliyehama upande.

Nilikwenda ofisi ya bima hiyo mara tano. Karani alikuwa mtu mpole.

"Mama, karatasi ya polisi haisemi nani alikosa," aliniambia. "Haukukuwa na muntu mu motokari?"

"Nilikuwa miye peke."

Akaandika neno moja la Kifaransa: seule. Peke yake. Nililisoma kutoka upande wangu wa meza, juu chini, na likabaki nami njia nzima.

Jumamosi moja mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanaume wa makamo, kofia mkononi. Sikumjua.

"Mama, miye ndjo nilikugonga," akasema kabla sijamkaribisha.

Nilikuwa nimemwandalia matusi miezi mingi. Hayakuja. Nikasema aingie, nikaenda kuchemsha chai kwa mkono mmoja, wa kushoto ukiwa bado hauna nguvu. Akainuka, akanipokea birika.

"Nilitumika kazi siku mbili bila kulala," akasema. "Nilisinzia. Patron, mwenye lori, aliniambia nisiseme kitu. Lakini kila nikishika volani niendeshe lori, ninakuona."

"Ukisema, batakufukuza."

"Najua, mama."

Alikaa saa mbili. Alinieleza habari za mkewe, na za chumba walichopanga Ruashi. Nilipika bukari, ule ugali wetu, na samaki, akala akamaliza, na ndipo nikatambua kwamba tangu ajali hakuna aliyekula kwenye meza ile isipokuwa mimi.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa karani. Dereva alieleza yote, akatia sahihi bila kusita.

Mwezi uliofuata bima ilikubali. Hundi iliandikwa kwa jina la benki, kwa kuwa gari lilikuwa dhamana yao. Ilifuta deni, na kilichobaki, ambacho benki ilinipa, kilitosha gharama za hospitali na nauli nilizotumia. Gari lingine sikupata. Karani alinipa mkono akanipongeza. Nje, nilitoa simu nimwambie mtu. Nilipitia majina mpaka mwisho, nikairudisha mkobani.

Nilinunua unga na sukari, nikaenda Ruashi kumshukuru yule dereva. Jirani yake alikuwa anaanika nguo.

"Yee haiko tena hapa," akasema. "Balimufukuza kazi, akahama na bibi yake. Kwenye balienda, sijue. Weye ni dada yake?"

"Hapana," nikajibu. Sikujua mimi ni nani kwake.

Nikamwachia yule jirani unga na sukari, nikaenda kungoja basi. Nilijaribu kuikumbuka sura ya yule dereva. Nilikumbuka mikono yake tu, ikimimina chai.