Ziwa la Hafsa

Hafsa wa Quionga alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Ukimkuta kimya ujue amelala. Kutwa alikuna nazi na kupika mafuta ya kuuza, mtoto mgongoni. Shoga yake Saquina alikaa nyumba ya pili. Walijifungua mwezi mmoja, Hafsa binti, Zuleica, na Saquina mvulana, Rizuane. Hata arobaini haijatoka, wakaahidiana kuwaoza. Watu wakacheka. Hafsa hakuwa akitania hata kidogo. Tangu utoto alitamani yeye na Saquina wawe ndugu, na njia aliyoiona ni harusi hiyo tu.

Gesi ikaonekana huko baharini, kampu ya wafanyakazi ikafunguliwa mjini Palma, na Saquina akapata kazi ya kufua. Akawa anarudi Ijumaa kwa Ijumaa. Rizuane akabaki na bibi yake, Bi Haula, pamoja na chupa na maziwa ya kopo. Chupa akaisusa. Uji akautema. Siku ya pili alikuwa halii tena, anakodoa macho tu, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha Hafsa.

"Mpe ziwa, mwanangu," Bi Haula akamwambia.

"Nikimpa, bibi, atakuwa ndugu wa kunyonya wa Zuleica. Hawaoani tena."

"Najua."

Hafsa alisimama pale, roho inamuuma kweli kweli. Kisha akamchukua mtoto, akamnyonyesha mpaka akashiba. Wiki nzima akawanyonyesha wote wawili, na akiwa jikoni peke yake akaililia ile harusi kama aliyefiwa.

Ijumaa Saquina akaingia mbiombio, kanga imelowa maziwa kifuani. Akamnyanyua Rizuane mapajani mwa Hafsa. Mtoto alikuwa ameshiba; akageuza uso, akamtafuta Hafsa. Saquina aliumia, wala hakuweza kuficha.

"Umemnyonyesha."

"Alikuwa anatuponyoka, dada. Nisamehe. Harusi tumeikosa."

Saquina alimlaza mwanawe mkekani, akaketi, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo wa mgongoni."

Hafsa akafungua mbeleko, akamkabidhi Zuleica. Saquina akampa ziwa, na mtoto, ambaye hajui kuchagua, akanyonya kwa pupa.

"Wiki nzima nimekamua maziwa haya nikayamwaga," Saquina akasema. "Sasa na huyu ni wangu."