Daftari la Majiko ya Cressenay

Anthelme Levrat alikuwa na neno moja ambalo kila mtu mjini Cressenay alilijua kwa moyo. Ukisimama naye dakika mbili tu, hata kama umetoka kununua mkate na una haraka, atakuambia kwamba chembe ndogo kuliko zote duniani zinakimbizana chini ya shamba lake la viazi. Shamba lenyewe alishawauzia watu wa Maabara, wanaochunguza chembe hizo, miaka minane nyuma, lakini nani angemwambia? Viazi vilikuwa vyake, kwa hiyo na chembe zilikuwa kama zake.

Usimcheke. Mtu huyu alizaliwa Cressenay ikiwa na majiko arobaini na ng'ombe mia tatu, na mpaka wa Uswisi ulikuwa jiwe tu la ng'ombe kujikunia. Sasa, mwaka huu wa 1974, ukienda kununua jibini unasikia lugha tano kabla zamu yako haijafika. Maabara ilimpa Anthelme kazi ya kukata nyasi, naye akajifunza kuamkia watu kwa lugha kumi na moja. Aliwahi kumwamkia Mjerumani kwa Kireno, na Mjerumani akafurahi.

Ila fahari yake kubwa haikuwa chembe. Ilikuwa daftari. Msitu ulio juu ya mji, kwenye mteremko wa milima ya Jura, ni wa wote, na kila vuli kuni zake hugawanywa, fungu moja kwa kila jiko. Si kwa kila mtu, wala si kwa ukoo mkongwe, kwa jiko. Siku moja kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, mtunza daftari huzunguka mji mzima akitazama dohani za nyumba. Panapofuka moshi kabla ya kengele ya adhuhuri, anaandika. Pasipofuka, anapiga mstari, na jiko likishapigwa mstari halirudi tena daftarini. Babu yake Anthelme alilishika daftari hilo, baba yake akalishika, naye huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili.

Wageni wa Maabara walipoanza kupanga nyumba za wakulima, jirani yake Célestin Burdet, mwenye ng'ombe wa mwisho mjini na ulimi wa pilipili, alitaka wanyimwe kuni. Anthelme alisimama mkutanoni akasema, "Sheria haiulizi umezaliwa wapi. Inauliza kama unawasha moto." Wageni wakaandikwa.

Sasa sheria ile ile ilikuwa imemgeukia. Mwezi wa tano, kifua cha mkewe Zélie kiliwalazimisha kuhamia kwenye maghorofa mapya, yenye mabomba ya maji ya moto ukutani na bila dohani hata moja. Nyumba ya Levrat ikapangwa na Daktari Basak, mtu wa Calcutta aliyefanya kazi Maabara, pamoja na mkewe Sulekha.

"Liache jina lako daftarini lilivyo," meya alimshauri. "Nani atauliza?"

"Mimi," alijibu Anthelme.

Alijifariji kwa jambo moja: jina lingefutika, lakini jiko lingebaki. Jiko aliloliwasha babu wa babu yake lingeandikwa kwa jina la Basak na kuendelea kuhesabiwa. Hilo angeweza kulimeza.

Ndiyo maana siku ya kukagua dohani, saa tano na nusu, alipokata kona na kuona dohani ya nyumba ile haitoi hata uzi wa moshi, alisimama katikati ya njia. Célestin alikuwa amekaa ukutani upande wa pili wa njia, anamsubiri.

"Hewa safi kabisa pale juu," alisema. "Piga mstari wako twende tukanywe."

"Kengele haijalia."

"Wewe nawe. Hao wanavunja chembe. Kuni wataziwezea wapi?"

Anthelme akagonga mlango. Daktari Basak aliufungua, macho yakiwa mekundu, skafu imefunika pua.

"Karibu, Baba Levrat. Samahani, ingia umeinama."

Ndani kulijaa moshi. Sulekha alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la chuma, anakohoa. "Siku tatu tunahangaika," alisema. "Kila tukiwasha, moshi unarudi ndani. Mwenzangu huyu ameshachora kurasa nne."

"Kwa hesabu zote unapaswa kupanda," Basak alisema kwa unyonge.

"Mbona hamkuniita?"

"Tuliona haya. Mtu akuachie nyumba ya babu zake, halafu ukamwambie umeshindwa kuwasha moto?"

Anthelme akatazama jiko, akatazama dari, kisha damu ikampanda usoni. Gunia. Siku ya kuhama alipanda mwenyewe juu ya paa akaiziba dohani kwa gunia la viazi ili kunguru wasitage humo, kama baba yake alivyofanya kila nyumba ilipobaki tupu. Akakabidhi funguo, akasahau. Jiko la Levrat lilikuwa linakufa kwa mkono wa Levrat.

"Ni mimi," akasema. "Nimewazibia mimi."

Zilibaki dakika ishirini. Angetamani kupanda mwenyewe, magoti yavunjike yakitaka, lakini mtunza daftari haruhusiwi kugusa moto wa mtu mwingine, wala dohani yake.

"Daktari, unaogopa kupanda juu?"

"Sana."

"Basi panda hivyo hivyo. Ngazi iko nyuma ya zizi."

Basak alipanda na viatu vyake vya ofisini. "Shika ngazi, Daktari, usishike mawingu," Célestin alimtania. Mguu wa Basak ulipoteleza, ni Célestin huyo huyo aliyekimbia kuikumbatia ngazi, akitukana ukoo mzima wa waliobuni fizikia. Gunia likatoka na masizi yakawamwagikia wote wawili. Ndani, Sulekha akawasha kiberiti. Moshi ukatokea juu, mwembamba, halafu mnene, halafu kengele ikalia.

Anthelme akaandika: Basak, nyumba ya Levrat. Kisha akaweka rula juu ya jina lake mwenyewe, akapiga mstari. Iliuma. Hakuficha, alipenga kamasi mbele ya watu.

Alasiri watu walikusanyika mbele ya ofisi ya meya kugawana mafungu. Desturi ni kwamba daftari husomwa kwa sauti, na kila mwenye jiko hujibu, "Linawaka." Jina lililopigwa mstari hutangazwa na mwenyewe, kwa kinywa chake.

"Levrat," Anthelme alisoma.

Akavua kofia. "Limezimika," akajijibu.

Akashuka mstari mmoja. "Basak, nyumba ya Levrat."

"Linawaka," Daktari alisema kwa sauti ndogo, masizi bado masikioni.

"Kwa nguvu, mwanangu," Anthelme alimwambia, na machozi yalimtoka bila haya. "Kwenye nyumba ile tunajibu mpaka Geneva wasikie."

Basak akavuta pumzi, akajibu tena, na Anthelme akaweka alama mbele ya jina.