Kisu Kilichooga Mafuta ya Kondoo

Mteja wa siku nyingi wa mhunzi wa hapa Daa alikuwa mzee wa Kimaasai kutoka Olbalbal. Kila alipokuja kuchukua sime au mkuki, alikuja na mafuta ya kondoo kwenye kopo la maziwa ya unga. Mhunzi akinyoosha mkono wenye chuma, mzee hakupokea hapohapo. Alichota mafuta kwa kidole, akapaka kiganja, akapaka na mpini, ndipo akashika. Kwao, chuma kilichotoka mkononi mwa mhunzi husafishwa kwanza, kisije kikaingiza ugomvi na damu bomani. Alifanya hivyo kwa adabu, huku akiuliza hali za watoto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa hapahapa, na sina haki ya kumcheka. Katika ukoo wetu hakuna aliyeoa kwa wahunzi, na bibi yangu alitukataza hata kukalia vigoda vyao. Nilikwenda pale kurekebishiwa jembe, nikabaki kutazama, daftari mkononi.

Siku moja, mzee alipokwisha kuondoka na mkuki wake, mhunzi alisimama akiangalia njia. Ni Mdatoga, mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, miaka yote hii," aliniambia. "Nataka mara moja tu apokee kutoka mkononi mwangu hivihivi, mkono mkavu. Nitengeneze kitu ambacho mkono wake utashindwa kungoja."

"Mtengenezee ng'ombe," mke wake alisema, mikono yake ikiendelea kupuliza moto kwa mivukuto. "Hapo hatangoja."

Mimi ndiye niliyewasha moto. Nilimwonyesha kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyopika chuma ndani ya chungu kilichozibwa mpaka kiyeyuke kabisa. Yeye hufua springi za Landrova, na hajawahi kuona chuma kikiwa uji. Alitazama mara tatu, akaniomba nirudishe tena pale mwisho.

Alifinyanga vyungu vitatu kwa udongo wa kichuguu na pumba za mpunga kutoka Mto wa Mbu. Ndani ya kila kimoja alitia misumari, mkaa uliopondwa na vipande vya chupa, akafunika, akaziba kwa udongo. Tulivukuta kwa zamu kuanzia asubuhi mpaka jua lilipopinda. Chungu cha kwanza kilipasuka, chuma kikamwagika majivuni. Viwili vilisimama. Aliviacha vipoe ndani ya moto wenyewe hadi kesho yake, na alipovivunja, katika kila kimoja lilikaa tonge jeusi, dogo kuliko chungwa, lenye mistari juu kana kwamba buibui alipita. Nilikumbuka kwamba jana yake ile ilikuwa misumari ya mabati.

Kisha akakosea, na lilikuwa kosa la mtu wa springi. Alilipasha tonge la kwanza hadi likawa manjano kama hindi, kama anavyofanya siku zote, akapiga. Lilivunjikavunjika juu ya fuawe kama kiporo cha ugali.

Likabaki moja.

Wiki ile mzee akapita kwenda mnadani na mbuzi zake. Kisu chake cha kiunoni kilikuwa kimekatika, akaagiza kingine kifupi. Aliliacha kopo lake, limejaa, lisimwagike njiani. "Keshokutwa narudi," alisema.

Asubuhi iliyofuata mhunzi alitundika blanketi mlangoni ili banda liwe giza na rangi ya chuma ionekane vizuri. Alichuma kahawa mbivu, nyekundu, kutoka kwenye mti wa jirani, akaiweka ukingoni mwa fuawe.

"Mwalimu, wewe macho yako ni mazima. Ikifika rangi hii, sema. Ikizidi, piga kelele."

Nikawa natazama kahawa, natazama chuma. "Sasa!" Akapiga mapigo manne, mepesi, akarudisha motoni. Manne tena.

"Wewe mama, taratibu!" alimwambia mke wake kwenye mivukuto. "Huchomi mahindi."

"Na wewe hubembelezi mtoto. Piga!"

Ilituchukua siku nzima kulifanya tonge lile liwe urefu wa kiganja. Kila likigoma, nilisubiri kusikia likivunjika. Halikuvunjika.

Ikabaki kulichovya likiwa la moto, ili likaze. Maji yangelipasua. Oili chafu ya trekta anayotumia kila siku ilikuwa imebaki kidogo, imelala kitakoni mwa debe. Akageuka akaliangalia kopo.

"Hayo ni ya mgeni!" mke wake alisema.

"Nitamwambia."

Aliyayeyusha kando ya moto, akakitosa kisu. Moshi ulipanda, banda zima likanuka nyama choma. Alikisogeza sikioni, akakigonga kwa ukucha. Kililia kirefu; hakikuwa na ufa.

Kesho yake, baada ya kukisugua na kukipaka maji ya ndimu, mistari ikaanza kutoka ndani ya chuma, polepole, mmoja baada ya mwingine. Sijui niilinganishe na nini. Hakuna aliyeichora, ilikuwa imelala mle tangu chunguni. Mke wa mhunzi, mwenye neno kwa kila jambo, alikaa chini.

Mzee alirudi mchana, akaulizia kopo lake.

"Nimeyatumia," mhunzi alisema. "Kisu chako kimeoga humo kikiwa cha moto. Nimekosa, sikukuuliza." Akanyoosha mkono wenye kisu.

Mzee aliinama, akakinusa. "Huyu ni kondoo wangu," alisema. Akakigeuzia mwangani, akaikuta ile mistari, na nilimwona akisahau kwamba tupo. "Na huu ni mchanga wa kwetu. Upepo ukipita Olbalbal, unauacha hivi."

Ndipo nikagundua kwamba alikuwa amekwisha kukishika, kwa kiganja kikavu. Mhunzi alikuwa bado amenyoosha mkono, mtupu.

Miezi miwili baadaye mzee alikuja kuchukua mkuki wa springi. Kisu kilikuwa kiunoni. Alifungua kopo, akachota, akapaka kiganja kama kawaida.

"Paka tu, mzee," mhunzi alimwambia akicheka. "Huu haujaoga."