Neno Nililolirusha Uwanjani Nizwa

Nakumbuka Alkhamisi moja, mwanangu, nilipopanda basi la wasichana wa chuo kutoka Ibra kwenda Nizwa kuangalia mpira wa kikapu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Umri huo mtu hujiona keshakuwa mzee, kumbe ndiyo kwanza anaanza kufundishika.

Nitakusimulia kama ilivyokuwa, bila kujipamba. Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Mama alifariki siku aliyomzaa mdogo wetu wa mwisho, Raya. Baba akamfuata miaka mitatu baadaye. Nilikuwa darasa la nane. Nikaiacha skuli, nikakaa nyumbani kulea. Nilipika, nikafua, nikashona kofia za mkono kwa watu, na wadogo zangu wakasoma. Watu waliniambia nina subira. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini sikulalamika, na leo pia silalamiki.

Raya alianza mpira kwa kuupiga ukutani, uani kwetu. Siku moja ukaruka ukavunja kioo cha dirisha la jirani. Yule bibi akatoka, akanikuta mlangoni, akasema, "Ndiyo hayo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Nikamwomba radhi, nikalipa kioo, kisha nikaingia jikoni nikalia mpaka wali ukaungua. Raya alikuwa na miaka tisa. Alisimama pale pale jikoni akiniangalia, na mpira ameukumbatia. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Alipofika chuoni wakamtia timuni na kumpa namba kumi na moja. Alikuwa mfupi, lakini mwepesi, na akiudunda mpira ulikuwa kama umefungwa kwa uzi mkononi mwake. Mimi nikawa shabiki. Sheria za mchezo nilijifunza kwa kuuliza, na kila mechi nilikwenda na kofia yangu ya kushona. Mikono ikishona, mdomo ukipiga kelele.

Mwaka ule, katika ligi ya vyuo, tulibakiwa na mechi moja. Atakayeshinda Nizwa ndiye atakayekwenda kucheza fainali Maskati. Raya alikuwa anamaliza masomo. Hakuwa na mwaka mwingine wa kungojea.

Basi likapita Sinaw siku ya soko, likasimama kungoja mbuzi wa Mabedui wavuke njia. Wasichana wakawahesabu mbuzi kwa majina ya wachezaji wa Nizwa, wakacheka. Raya hakucheka. Alikaa dirishani, akifunga na kufungua kamba za viatu.

Mechi za wasichana kwetu huchezwa ndani, milango imefungwa. Wanaume hawaingii. Dereva wetu alibaki nje na gazeti lake. Mlangoni kulikuwa na sanduku la plastiki, kila anayeingia anaweka simu humo, asije mtu akapiga picha. Ndani wote ni wanawake, kwa hiyo kila mmoja yuko huru. Mabuibui yamekunjwa, watoto wanakimbia kwenye ngazi, chupa za kahawa na sahani za tende zinapita mkono kwa mkono. Mashabiki wa Ibra na wa Nizwa tulikaa tumechanganyika. Nilikaa karibu na bibi mmoja aliyepita umri wa makamo, mwenye shela nyeusi na mikono mikubwa. Akanimiminia kahawa, akanikaribisha kwa Kiarabu, nami nikamshukuru kwa Kiarabu. Jina lake, nililijua baadaye, lilikuwa Bi Thuweiba.

Sasa nikwambie tabia yetu moja, sisi tuliozaliwa na watu waliorudi kutoka Unguja. Kiswahili kwetu ni pazia. Tukiwa dukani na hatutaki mwenye duka asikie, tunageukia Kiswahili. Hospitalini, arusini, kwenye foleni ya ofisi, ni hivyo hivyo. Pale Ibra pazia hilo lina matundu, kwa sababu nusu ya mji wanajua. Lakini Nizwa niliamini kwamba ni watu wa ndani, watu wa milima, Kiswahili watakipatia wapi? Sikuuliza. Niliamini tu.

Mpira ukaanza. Namba nane wa Nizwa alikuwa msichana mrefu, amefunga kitambaa gotini kushoto. Nikaliona goti lile upesi, kama mwewe anavyoona kifaranga. Nikasimama.

"Raya! Mpitie kushoto! Goti lake bovu!"

Raya akapita kushoto. Namba nane alikuwa keshafika, anamngoja. Akauchukua mpira kama mtu anayepokea kikapu chake sokoni, akaenda kufunga.

"Mrushie aliye nyuma yako!"

Raya akarusha nyuma. Mkono mrefu ukatokea, mpira ukakatwa.

Nikasema pengine ni bahati. Lakini ikawa hivyo mara ya tatu, na ya nne. Nikizidi kuelekeza, tunazidi kupokonywa. Wanawake wa Ibra waliokaa nyuma yangu wakaanza kunung'unika.

"Huyo nane ana macho kisogoni," alisema mmoja.

"Macho gani, ana jini," akajibu mwenziwe. "Mtazame, anajua kabla hatujajua sisi."

"Zidisha sauti, shoga. Labda Raya hakusikii."

Nikazidisha. Bi Thuweiba akanijazia kahawa tena, hasemi kitu. Niliona anatabasamu, nikadhani anafurahia timu yake.

Robo ya tatu tulikuwa nyuma kwa pointi nyingi. Raya akaingia chini ya kikapu na mpira, namba nane akaruka naye, wakagongana. Kiwiko kikampata Raya mdomoni. Akaanguka, damu ikamtoka. Refa akapiga filimbi, faulo. Haikuwa makusudi, mwanangu. Leo naweza kulisema hilo. Yule msichana alikuwa ameshainama, kampa Raya mkono ili amnyanyue.

Lakini mimi niliiona damu ya mtoto niliyemlea. Nikasimama, kofia ikaanguka, sindano ikapotea, nikapiga kelele kwa sauti niliyokuwa nayo yote:

"Asiyefunzwa na mamaye!"

Na wanawake wa Ibra, kwa kuwa methali ikianzwa haiachwi njiani, wakaitikia wote pamoja, "Hufunzwa na ulimwengu!" Kisha wakapiga vigelegele.

Namba nane aliuachia mkono wa Raya. Akainua kichwa, akatazama jukwaani safu moja baada ya nyingine, mpaka akanifikia. Akaniangalia. Na mimi nikajua kwamba amefahamu kila herufi.

Raya naye alikuwa ananiangalia, kakaa chini, mkono mdomoni.

Bi Thuweiba akaweka kikombe chake chini. Akasema kwa Kiswahili, tena cha bara, kizito na cha pole pole, "Umesema, mwanangu."

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikamuuliza jambo la kijinga. "Bibi, kumbe Kiswahili unakijua?"

"Tangu hujazaliwa. Sisi ni watu wa Bujumbura. Huyo namba nane ni Shamsa, mjukuu wangu. Mama yake nilimzika kule kule, yeye akiwa bado ananyonya."

"Na muda wote huu umenyamaza?"

"Ningesema nini, na ulikuwa unatusaidia? Kila ulichomwelekeza mdogo wako, Shamsa alikuwa anakisikia. Na goti lake ni zima. Kitambaa kile anakipenda tu." Akaifunika chupa ya kahawa. "Hayo yote ni mchezo, tulikuwa tunacheka. Hili la mwisho si mchezo."

Nikamwinamia, nikamnong'oneza, "Niwie radhi, bibi."

Akanitazama bila hasira. "Mimi hukunitukana. Na ulipotukana, hukunong'ona."

Nikakaa. Kofia nikaiokota, lakini sindano sikuitafuta.

Robo ya nne niliangalia kimya. Shamsa hakuwa yule tena. Alikuwa akikimbia, lakini mpira ukimfika mkononi ulikuwa kama umepakwa mafuta. Pasi zake zilitoka nje. Wenzake wakamsemesha, akatikisa kichwa. Raya na wenzake wakafunga, wakafunga tena, mpaka zikabaki sekunde chache tukiwa mbele kwa pointi mbili. Wanawake nyuma yangu wakasema, "Umeona? Ile methali imemmaliza." Walinisifu, mwanangu. Mmoja alinipigapiga bega.

Kisha wetu mmoja akamsukuma Shamsa akiwa anatupa. Mitupo miwili ya adhabu, peke yake mbele ya kikapu, hakuna wa kumzuia. Ukumbi ukanyamaza mpaka nikasikia mtoto akitafuna ubuyu. Wa kwanza ukaingia. Akaudunda mpira mara tatu, akapangusa jicho kwa mkono wa fulana. Nikajikuta namwombea aupate. Timu yangu, mdogo wangu, mwaka wake wa mwisho, na mimi namwombea yule. Mpira ukagonga chuma, ukazunguka, ukatoka.

Tulishinda kwa pointi moja.

Wasichana wetu wakarukiana. Raya akaja moja kwa moja mpaka chini ya jukwaa, pamba mdomoni. Nikateremka ngazi. Nikasema neno jepesi lililonijia, "Mmeshinda, alhamdulillahi."

Akaitoa pamba. "Dada," akasema, "na mimi nilifunzwa na mama yupi?"

Mwanangu, nimelea watoto watatu, nimezika wazazi wawili, na sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo.

Timu mbili zilikuwa zinapanga mstari wapeane mikono. Miguu ilitaka kwenda mlangoni, kwenye sanduku la simu, nichukue yangu nikakae ndani ya basi. Nusu ya ukumbi walikuwa hawanijui, na ningeondoka wasingenijua maisha. Lakini nilimkumbuka bibi. Hukunong'ona, alisema. Nikavuka mstari wa uwanja, nikasimama mbele ya wote, nikapaza sauti ile ile.

"Shamsa! Mimi ndiye niliyesema. Nimesema neno ovu, na si kweli. Mimi mwenyewe nimekua bila mama, na mdogo wangu hakupata kumwona wake. Neno hili nilitupiwa mimi, likaniunguza, na leo nimekutupia wewe. Niwie radhi mbele ya hawa walionisikia."

Waliofahamu waliwatafsiria wasiofahamu, na ule mnong'ono ukapanda jukwaani safu kwa safu. Wanawake wa Ibra walioitikia waliangalia chini. Shamsa alitoka kwenye mstari. Akanipa mkono.

"Nimesikia," akasema, kisha akenda zake kwa wenzake.

Hakutabasamu wala hakunikumbatia. Ilikuwa haki yake. Anayeomba radhi hachagui jibu.

Bi Thuweiba alinipitia mlangoni, akanipa chupa yake ya kahawa iliyobaki, ninywe njiani. "Ukija tena Nizwa," akasema, "elekeza kwa sauti hiyo hiyo. Tunakuhitaji." Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo.

Kwenye basi Raya alikaa mbele, mbali na mimi. Tulipofika Izki aliinuka, akaja mpaka kwenye kiti changu. "Sogea," akasema. Nikasogea. Akalala begani kwangu mpaka Ibra. Fainali ya Maskati tulifungwa vibaya, wala hakuna anayeizungumza leo. Ya Nizwa ndiyo ninayozungumza mimi.

Basi sikiliza, mwanangu, maana nimekuweka kitako kwa ajili ya haya. Usidhani lugha yako ni pazia. Kila mahali yupo anayekufahamu, na akinyamaza si kwamba hasikii. Methali za wazee tumeachiwa ili tujionye nazo, na anayezirusha kwa watu amezigeuza mawe. Kabla hujalitoa neno, litafute kwanza katika mwili wako. Likiwa limepata kukuumiza wewe, unajua uzito wake, basi huna udhuru. Mwenye kovu usidhani kapoa, wala usimpige pale pale penye kovu. Na ukishakosea, kwa sababu utakosea, radhi yako iwe na sauti sawa na kosa lako. Ukitukana mbele ya watu ukaomba radhi pembeni, umelipa robo, na deni liko pale pale.

Mimi nimeshaota mvi. Raya anafundisha skuli Sur, na jioni anawafundisha wasichana mpira. Nikienda kumtazama nakaa jukwaani na kofia yangu, nashona, na nikitaka kusema neno nalingoja mpaka nimalize kushona tundu moja la kofia. Mara nyingi tundu likiisha, neno nalo limekwisha.

Mwanangu, Mola akulinde na ulimi wako kabla ya kukulinda na ndimi za watu. Akupe watu wa kukuambia umesema, hapo unaposema. Na siku utakapokosea, akupe kifua cha kusimama katikati ya uwanja na sauti ya kumfikia uliyemkosea.