Tumbo la Ndama wa Ngamia

Juzi kijana mmoja wa maabara alinionyesha kwenye kompyuta picha ya kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Wamekikuza mpaka kikawa fuwele, wakaipiga fuwele hiyo miale ya eksirei, na kwa kuangalia jinsi miale ilivyotawanyika wakajua umbo lake. Kina nusu mbili na mfereji katikati. "Mzee, uzi wa protini unalala hapa," akasema, "na hapa ndipo unapokatwa." Nikainuka. Akadhani nimechoka. Sikuchoka hata kidogo. Mimi nikitajiwa kitu hicho siwezi kukaa, na nimefanya kazi ya maabara karibu maisha yangu yote.

Protini ya maziwa imo katika vidonge vidogo mno, havionekani kwa macho, na kila kidonge kimeota vinywele vinavyokizuia kishikane na mwenzake. Ndiyo sababu maziwa humiminika. Tumbo la ndama anayenyonya lina hicho kimeng'enya. Kinakamata kinywele, kinakilaza katika ule mfereji wake, kinakikata. Vinywele vikiisha, vidonge vinashikana na maziwa yanaganda. Basi. Miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa msituni, nililijua hilo, nikajiona nimemaliza elimu.

Mimi ni Msomali wa Sangailu. Kwetu ni ng'ombe. Ngamia nilimwona akipita, nikampisha njia, yakaisha. Nikapelekwa bara, shule ya maziwa, nikarudi Garissa na kalamu mfukoni, nikapewa meza katika ofisi ya mifugo, nipime kama maziwa yanayoletwa mjini yametiwa maji. Mji ulikuwa umebanwa. Hutoki bila pasi, huingii bila pasi, na mnyama akikutwa nje na mtu asiye na karatasi, mnyama ni wa serikali na mtu ni shifta. Malori ya jeshi yalipita mchana kutwa. Nilizoea kusimama dirishani kila likipita moja, nikakaa, nikasimama tena. Afisa wangu, mtu wa bara, alikuwa akiniambia, "Wewe una mchwa kwenye kiti?"

Eedo yangu, yaani shangazi, dada ya baba, alikuwa ameolewa Garissa na watu wa ngamia, kisha akafiwa na mume. Alileta maziwa hospitalini, na kwa ajili ya hayo alikuwa na pasi yenye majina mawili: lake, na la mwanawe wa pekee aliyekaa nje na ngamia. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyomfanya yule kijana kuwa mchungaji, asiwe shifta. Eedo aliibeba kifuani ndani ya kitambaa, na kila nilipomwona alinitania: "Mtu wa ng'ombe, leo umepima maji gani?"

Kilichoniponza ni kile kijiti cha kioo cha kupimia maji kwenye maziwa. Kilivunjika njiani. Nami, kwa kimbelembele changu, nikamwambia afisa kwamba ipo njia nyingine tuliyofundishwa shule: ukitia matone ya dawa ya tumbo la ndama, maziwa safi yanaganda upesi, na yaliyotiwa maji hayagandi vizuri. Afisa akafurahi. Jumatatu akaketi pembeni yangu kutazama.

Maziwa ya ng'ombe ya mama mmoja yaliganda, hata ukiinamisha chupa hayamwagiki. Kisha yakaja ya eedo. Nikatia dawa. Nikangoja. Nikaongeza dawa, nikangoja tena. Yakabaki maji matupu, yanacheza chupani.

"Haya yana maji," afisa akasema. "Na kama hapa pana maji, maziwa yenyewe yamekwenda wapi? Msituni. Mwanao anawanywesha watu wa msituni."

Eedo alikuwa na Kiswahili cha sokoni. "Wallahi maziwa yangu iko safi! Maji naweka kwa nini? Mimi mwizi?"

Akaniangalia niseme neno. Nikaandika kitabuni: hayakuganda. Afisa akampa mpaka Jumamosi alete ushahidi, la sivyo pasi inachukuliwa na jeshi linaarifiwa kuhusu kijana.

Usiku ule sikulala. Jumanne alfajiri nilikwenda kwenye zizi la serikali, walikofungiwa mifugo waliokamatwa, maana nilikuwa na ufunguo. Nikamtafuta ngamia mwenye ndama, nikamkama kwa mikono yangu, nikapigwa teke moja la paja ambalo mpaka leo baridi ikiingia nalisikia. Maziwa hayajaona hata tone la maji. Nikatia dawa. Nikazunguka lile zizi mara sita, mara saba. Kurudi, maji matupu vilevile.

Kumbe! Kimeng'enya cha ng'ombe hakikishiki vizuri kinywele cha maziwa ya ngamia. Sababu yake nilikuja kuisoma baadaye sana, lakini jambo lenyewe lilikuwa pale mkononi mwangu. Eedo alikuwa mkweli na mimi ndiye niliyekosea.

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa afisa. Nilifika mlangoni, wallahi nilifika. Nikamsikia ndani akiongea na askari juu ya Wasomali wanaolindana, nikageuka. Nikajiambia: nikisema nimekosea, naye ni shangazi yangu, nani atanisadiki? Nitaonekana namfichia shifta. Nitaingia kizuizini mimi. Niliogopa. Sina jina jingine la jambo hilo. Nikasema kesho.

Jumatano eedo akaja mwenyewe, ameshapata la kufanya. "Mwaka wa ukame tulichinja ndama wa ngamia," akasema kwa Kisomali. "Ndani ya tumbo tulikuta maziwa magumu, mabonge. Kwa hiyo maziwa ya ngamia yanaganda. Dawa yako ndiyo ya mnyama mwingine. Nikikuletea tumbo la ndama wangu, utalitengeneza?"

Subhanallah, mama yule hakuwahi kushika kitabu. Nikahisi mzigo umeshuka mabegani. Nikaona mambo yatanyooka yenyewe, bila mimi kufungua mdomo. "Nitalitengeneza," nikasema.

Alikuwa na ngamia wawili tu wenye maziwa. Akachagua ndama dume wa yule mwenye maziwa mengi. Kijana wake alimleta hadi kwenye kizuizi cha barabarani, na Alhamisi asubuhi tukamchinja nyuma ya nyumba. Nikatoa sehemu ya mwisho ya tumbo, nikaikatakata, nikailoweka katika maji ya chumvi na maziwa machachu kidogo. Eedo alibaki na ngozi. Ngamia aliyepoteza ndama hufunga maziwa, hivyo watu humwekea ngozi ya mwanawe ainuse, pengine atadanganyika. Yule hakudanganyika. Ijumaa kijana alituma habari kwamba anarusha mateke, analia, na hatoi hata tone.

Jumamosi tukawa watatu chumbani: afisa mezani, eedo kasimama, mimi na chupa. Maziwa yalikuwa ya yule ngamia wa pili. Nikatia dawa mpya, eedo akimweleza afisa kwamba hii ni ya tumbo la ndama wake mwenyewe. Miguu yangu ilikuwa haitulii, afisa akanigombeza. Halafu maziwa yakashika. Nikaiinamisha chupa, nikaigeuza kabisa juu chini. Hayakutoka.

Eedo akapiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo. Afisa akacheka, mtu mwema kwa namna yake, akagonga mhuri kwenye pasi na kuisukuma mbele ya eedo. Kisha akavuta kitabu.

"Basi hii ndiyo iwe sheria," akasema. "Kila mama wa maziwa ya ngamia alete tumbo la ndama wake, tupime kwa haki."

Mungu wangu! Niliwaona wale akina mama, mmoja mmoja, na ngozi mikononi. Hapo mdomo ukanifunguka wenyewe.

"Bwana, haina haja, tuagize kijiti kingine cha kupimia. Dawa ya kwanza ndiyo iliyokuwa na kosa, na kosa ni langu. Ile ya ng'ombe haigandishi maziwa ya ngamia hata yakiwa safi. Nilijaribu kwa ngamia wa zizi letu, niliyemkama mwenyewe."

Afisa akaweka kalamu chini. "Ulijaribu lini?"

"Jumanne."

Akanitukana, na nilistahili. Lakini sikumsikiliza yeye. Eedo alikuwa amekwisha kuikunja ile pasi, kitambaa kiko wazi kiganjani, na hakuifunga. Alikuwa akihesabu siku kwa kidole gumba, juu ya vifundo vya vidole, kama wanavyohesabu mama zetu tasbihi.

"Jumanne ulijua," akaniambia kwa Kisomali, polepole. "Jumatano nilikuja kwako. Na Alhamisi kisu ulikishika wewe."

"Naam, eedo," nikasema.