Nilikuwa Nasafisha Tu

Jamani, leo ufagio umeniponza.

Nimeamka moyo mzito. Yule dereva wangu wa kombaini, tangu waanze kuvuna ngano shamba la serikali, hajakanyaga hapa Mogitu.

Basi nikafagia uwanja. Nikasugua masufuria kwa majivu. Moyo bado! Nikapaka ukuta wa mbele chokaa.

Hapo ndipo nilipokosea. Huku kwetu msichana hapaki chokaa bure.

Saa nane mama jirani kaingia na mzigo wa kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wageni wa posa wanafika saa ngapi?"

Nyuma yake wanawake sita, na kuni zao.

Jioni, dereva mwenyewe huyo, ovaroli imejaa makapi:

"Nani anakuja kukuposa?"

Nimwambie ukweli, au kwanza nimalizie ukuta wa nyuma?