Kondoo Mweusi Aliyegeuka Kahawia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Sufu amepiga magoti zizini, anatenganisha manyoya ya kondoo jike mweusi kwa vidole viwili. Anatafuta rangi. Juu bado ni kahawia, kama shati lililochujuka, lakini chini, karibu na ngozi, yanaota meusi ti.

"Ona mwenyewe," anasema. "Msimu uliopita hapa palikuwa kutu tupu."

Msimu huo ulimtoa machozi. Walizaliwa wanakondoo kumi na wanane. Saba miguu ya nyuma ikakataa kabisa, wakafa. Na malisho yalikuwa kijani kibichi, nyasi hadi magotini!

"Nikasema hii ni minyoo tu. Nikawapa dawa mara tatu. Wapi!"

Rangi ile alilisingizia jua. Wifi yake akambandika yule jike jina la Bibi Harusi. "Kapaka rangi ya nywele huyo, anatafuta mume!" Wakacheka hadi mbavu zikauma. Kumbe ugonjwa ulikuwa unajitangaza mchana kweupe.

Daktari wa mifugo alipopima damu, alikuta upungufu wa madini ya shaba, yanayotia manyoya weusi na miguu nguvu. Udongo wa pale hauna ya kutosha, hata nyasi zistawi vipi.

"Mimi shaba naijua ya waya!" anasema Mama Sufu.

Siku hiyohiyo alikimbilia duka la pembejeo, akarudi na chumvi ya kulamba ya ng'ombe, iliyojaa shaba. Daktari alimpokonya mlangoni.

"Mama, utawamaliza! Kipimo cha ng'ombe kwa kondoo ni sumu."

Tangu hapo, kila jike huning'inizwa kwanza kwenye mzani wa magunia, ndipo apewe kidonge cha shaba kinacholingana na uzito wake.

Mumewe ameshatoa neno: wakizaliwa tena walemavu, kundi zima linakwenda kwa mchinjaji. Hasemi kwa ubaya. Yeye ndiye aliyewafukia wale saba.

Bibi Harusi ana mimba, zimebaki wiki tatu. Kona yake imeshatandikwa majani makavu. Mama Sufu anaogopa, wala hafichi.

"Wale saba niliwashika kiuno, nikawasimamisha mmoja mmoja. Nikiachia tu, chini," anasema. "Huyu akizaliwa, simgusi. Nitakaa pale mlangoni, nikunje mikono, nimtazame."